Dalali Anamfanyia Kazi Nani

Leo nazungumza na wewe unayetafuta chumba. Umepata kazi Dar es Salaam, unalala sebuleni kwa shemeji, na ingawa shemeji hajasema neno, unaona mwenyewe kwamba watoto wake wanachelewa kulala kwa sababu yako. Au chumba unacho, ila mwenye nyumba alikuita uani jana akakuambia mkataba ukiisha kodi inapanda. Au mtoto wa pili yuko njiani na chumba kimoja hakitoshi tena. Nyote mna swali moja: nimpigie dalali, au nizunguke mwenyewe?

Namba za madalali hazina shida kupatikana. Zimepakwa rangi kwenye kuta za Sinza na Tabata, zimebandikwa kwenye nguzo za umeme Mbagala, zimeandikwa kwenye vibao vilivyopigiliwa mitini Kimara: dalali, vyumba, nyumba, fremu, viwanja. Siku hizi wapo pia Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp, na picha za vyumba vilivyopigwa deki na kufunguliwa madirisha yote. Ukipiga, simu inapokewa papo hapo.

"Bosi, unataka maeneo gani? Chumba na sebule? Selfu, yenye choo ndani? Bajeti yako ikoje?" Na kabla hujamaliza kujibu: "Vipo, bosi. Njoo leo leo, maana kuna mtu anakuja kukiangalia saa kumi."

Huyo mtu wa saa kumi mara nyingi hayupo. Lakini sitaki tuanzie kwenye hila za madalali, kwa sababu tukianzia huko tutaishia kwenye hasira, na hasira haijampatia mtu chumba. Tuanzie kwenye hela. Hela ndiyo inayoonyesha kila mmoja amesimama upande gani.

Chukua chumba na sebule cha shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, yaani 900,000. Dalali, kwa desturi ya mji huu, anachukua kodi ya mwezi mmoja, 150,000, na anayeitoa ni wewe mpangaji. Kabla ya hapo umeshatoa hela ya kuonyeshwa, elfu kumi kwa dalali huyu, elfu kumi kwa yule, hata kwa vyumba ambavyo uligeuka mlangoni bila kuingia. Ongeza gari dogo la kirikuu la kubebea kitanda na kabati. Umevuka milioni moja na bado hujanunua pazia.

Je, ile 150,000 ya dalali ni nyingi? Jibu liko kwenye muda utakaokaa. Ukihama baada ya miezi sita, ni sawa na kuongeza 25,000 kwenye kodi ya kila mwezi. Ukikaa miaka minne, ni shilingi 3,000 na ushee kwa mwezi, hela ambayo hutaikumbuka. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza kama dalali ni ghali, jiulize kwanza unakwenda kukaa au unapita. Kijana aliyekuja kwa mkataba wa kazi wa miezi michache hana sababu ya kulipa udalali wa mwezi mzima. Huyo atafute chumba kwa miguu yake, au aombe kupokea chumba cha mwenzake kazini anayehama. Mwalimu aliyehamishiwa shule ya Temeke na watoto watatu, ambaye anajua hatahama tena karibuni, hesabu yake ni nyingine kabisa.

Sasa angalia zile hela zinamvuta dalali kwenda wapi. Malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja, basi kodi ikiwa kubwa, na yeye anapata kikubwa. Wewe uliyetaja bajeti ya 150,000 utaonyeshwa kwanza chumba kibovu cha 130,000, giza, choo cha kuchangia na familia nyingi, halafu utapelekwa kwenye kizuri cha 200,000, ili ukubali mwenyewe bila kusukumwa. Tena mwenye nyumba ndiye atakayempa dalali chumba kingine cha kupangisha mwezi ujao. Wewe ukishaingia, hamtaonana tena, labda mkutane sokoni. Na ukihama mapema kwa sababu mambo yamekushinda, chumba kile kinampa kula mara ya pili. Unamlipa wewe, lakini anayemhitaji kesho ni mwenye nyumba.

Siyasemi haya kumtukana. Mtu yeyote ukimweka katika nafasi ile atavutwa upande ule ule, hata awe mcha Mungu. Nayasema ili ujue ni maswali gani ya kumwuliza na ni yapi ya kupeleka kwingine. Usimwulize dalali swali ambalo jibu lake la kweli litamnyima chakula.

Yapo anayoyajua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani, na hana sababu ya kukuficha. Anajua chumba gani kiko wazi na kipi kitakuwa wazi mwisho wa mwezi. Anajua bei za mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Anajua mwenye nyumba yupi anakubali miezi mitatu na yupi hashuki chini ya mwaka. Yupi anaishi humo humo ndani na yupi yuko Tanga, anapiga simu tu siku za kodi. Anajua nani hataki watoto, na nani humkatalia mwanamke asiye na mume, jambo ambalo binafsi linanikera kila ninapolisikia, lakini lipo, na ni afadhali kuambiwa kwenye simu kuliko kufika mlangoni ukahojiwa kama mtuhumiwa.

Ila je, maji yanatoka? Hapo usimsikilize. Yeye ataonyesha bomba, na bomba lipo kweli. Swali ni maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na yasipotoka mnanunua wapi, ndoo shilingi ngapi, nani anabeba. Umeme wa LUKU ni wa kwako peke yako au mnachangia mita moja nyumba nzima, na kama mnachangia, yule mwenye friji la kuuzia maji ya baridi analipa sawa na wewe mwenye taa mbili na redio? Kwa nini mpangaji aliyetoka alitoka? Haya muulize mpangaji wa chumba cha jirani, na umuulize dalali akiwa hayupo. Rudi jioni peke yako. Salimia, kaa kidogo uani kama unaruhusiwa, uliza taratibu. "Shikamoo mama, samahani, nataka kuhamia hiki chumba cha mwanzo. Maji mnapataje hapa?" Utapata ukweli wote, na zaidi ya uliouomba.

Na jambo la mvua. Hili nitalikazia, kwa sababu limeua watu. Bonde la Msimbazi wakati wa kiangazi lilikuwa mahali palipovutia mtu mwenye hela kidogo. Karibu na Kariakoo, nauli ndogo, kodi ya chini. Ungeonyeshwa chumba Jangwani au sehemu za bondeni za Kigogo mwezi wa Agosti, sakafu imekauka na upepo unapita. Desemba 2011 mvua ilinyesha, bonde likajaa, watu wakapanda juu ya mapaa kuokoa roho, makumi wakafa, na waliopoteza makazi serikali ikawapeleka Mabwepande kuanza upya. Waliofikwa na maji yale hawakuwa wamiliki peke yao, walikuwemo wapangaji waliokwisha kulipa kodi ya miezi iliyokuwa bado mbele. Kwa hiyo ukionyeshwa chumba cha bei nafuu kuliko vya jirani, inama uangalie ukuta. Maji yakiingia ndani huacha mstari, na rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini tu ya ukuta nayo inasema kitu.

Hapa nimtetee dalali kidogo, maana nimekaa nao vijiweni na najua kazi yao ilivyo. Wengi ni vijana wasio na ajira nyingine. Dalali hana mshahara wala ofisi. Ana simu na miguu. Anaweza kumzungusha mtu juani kutwa nzima, chumba baada ya chumba, na jioni mtu akasema atafikiria. Kesho yake yule mtu anarudi peke yake kwa mwenye nyumba, wanamalizana wawili, dalali anarukwa. Hela ya kuonyeshwa, ambayo sote tunailalamikia, imezaliwa humo, katika kurukwa. Basi ukiamua kumtumia dalali na akakupatia chumba, mlipe mlichokubaliana, yote. Kurudi kinyemela ni wizi wa jasho la mtu, na hauwi halali kwa sababu tu dalali mwingine alikudanganya mwezi uliopita.

Lakini elewaneni kabla hamjaanza kutembea. Hela ya kuonyeshwa ni mara moja au kila nyumba? Ikiwa chumba hakifanani na ulivyoambiwa kwenye simu, inarudi? Udalali ni mwezi mzima, au kwa kodi hii anaweza kuchukua nusu? Unaweza kupunguziwa, hasa ukiuliza mapema, wakati bado anataka umfuate. Ukisubiri mpaka umeshakipenda chumba na macho yako yanasema hivyo, hapunguzi hata elfu tano. Uliza pia kama yuko peke yake. Mara nyingi wewe unampigia dalali wa Ubungo, naye ana jamaa yake Mabibo, jamaa naye ana mwenzake aliye jirani na nyumba, na unashtukia unafuatana na watu watatu, kila mmoja anatazamia chake. Mkubaliane kwamba hela ni moja na wagawane wenyewe.

Tuje kwa anayetafuta mwenyewe. Watu hudhani kutafuta mwenyewe ni kuzunguka ukibisha hodi mlango kwa mlango. Hapana. Chagua mtaa mmoja, au miwili iliyopakana, kisha nenda dukani kwa Mangi, kama tunavyomwita mwenye duka la mtaani. Mangi anajua nani ameanza kulipa madeni yake yote kwa mpigo, dalili kwamba anahama. Nenda kwa mama wa genge, nunua nyanya, uliza. Pita kijiwe cha bodaboda, kwa sababu wao ndio wanaoitwa usiku na alfajiri, wanaijua kila nyumba na watu wake. Mama ntilie, kinyozi, fundi cherehani mwenye kibaraza kinachotazama barabara. Kama wewe ni mtu wa msikiti au kanisa, sema baada ya ibada kwamba unatafuta chumba. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, kwa mfano, hukutana nyumbani kwa watu, na habari ya chumba kinachoachwa wazi hufika huko kabla dalali hajaipata.

Njia hii inakula siku. Siku nyingine utarudi bila kitu, miguu imevimba, na shemeji amekuwekea chakula usichokuwa na hamu nacho. Lakini unachokipata katika kuzunguka huko hakiuzwi na dalali yeyote. Unajua mtaa una kelele za baa mpaka saa ngapi. Unajua daladala inajaa kituo gani, na kama asubuhi utaipata hapo au itabidi urudi nyuma vituo viwili ndipo ukae. Na Mangi atakapokuelekeza nyumba fulani, ameweka jina lake rehani kwako, kwa kuwa kesho utakuwa mteja wake. Akikutupa pabaya, utamwambia usoni.

Kwa hiyo nani amtumie dalali? Mimi nasema amtumie mgeni wa mji asiyejua Segerea iko upande gani wa Ukonga. Amtumie mama aliyetoka Mwanza na watoto, anaanza kazi Jumatatu, ambaye kila siku ya kuchelewa ni nauli na chakula cha hoteli. Amtumie mtu anayetaka nyumba nzima ya kodi kubwa, kwa sababu nyumba za namna hiyo wenyewe wengi wameziacha mikononi mwa madalali na Mangi hana habari zake. Lakini wewe uliyekwisha kuishi Mwananyamala miaka mitano, na unataka kuhama kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili, unamlipia nini mtu 150,000 akuonyeshe mtaa wako?

Kina dada, neno moja. Msikubali kuonyeshwa chumba usiku, wala kwenda peke yenu kwenye nyumba ambayo haina wapangaji wengine. Dalali mwenye nia njema hataona vibaya ukija na kaka yako au rafiki.

Na awe dalali au Mangi aliyekuelekeza, hela ya kodi ina njia moja tu: kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa maandishi, mbele ya mtu. Utapeli wa mji huu unajulikana ulivyo. Mpangaji anayekaribia kufukuzwa anajigeuza mwenye nyumba, anapokea kodi za watu wawili au watatu kwa chumba kile kile, anatoweka. Wote wanakutana mlangoni tarehe moja, kila mmoja na mkataba na godoro. Dawa yake ni kwenda ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mjumbe wa eneo, na kuuliza: nyumba hii ni ya nani? Wanajua. Tena utahitaji kujitambulisha kwao hata hivyo ukihamia. Uliza mita ya umeme imeandikishwa kwa jina la nani. Andikianeni mkataba wenye majina, tarehe, kiasi na miezi, na mashahidi wa pande zote mbili. Humo humo andikeni kodi ya jengo inalipwa na nani, maana tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme ni wewe, wakati jengo si lako. Dalali umlipe ukishashika ufunguo. Akisema anataka kabla, mwambie kwa upole kwamba ufunguo na hela vitakutana mahali pamoja.

Mkikosana na mwenye nyumba baadaye, dalali hatakuwepo. Anayebaki ni mjumbe na mwenyekiti wa mtaa kwa usuluhishi, na likishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko wataomba karatasi.

Lakini nadhani tukimzungumzia dalali peke yake tunakuwa tumemwonea. Kosa la chumba linauma kwa sababu umelipa miezi sita, au mwaka. Ungekuwa umelipa mwezi mmoja, ukagundua maji hayatoki, ungehama mwezi wa pili na kidonda kidogo. Nchi hii ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na miezi ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji, na katika mapatano hayo mwenye shida ndiye anayekubali. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, lakini nyumba zake haziwezi kuupokea mji ambao sensa ya 2022 iliuhesabia watu zaidi ya milioni 5.3. Wengi wetu tumepanga kwa watu binafsi, na tutaendelea hivyo.

Kwa jirani zetu wa Mombasa na Nairobi, mpangaji wa kawaida hulipa kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, kisha analipa mwezi kwa mwezi. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba tangu miaka ya 1980, na bodi ya kuwasajili. Sisemi kwao hakuna utapeli, upo, na wanaozungusha watu mitaani bila usajili wapo. Lakini mtu aliyelipa mwezi mmoja ana nguvu ya kuondoka, na mwenye nyumba anayejua hivyo hutengeneza bomba linapovuja.

Sasa wenye nyumba mnaonisikiliza. Ninajua kwa nini mnataka miezi sita: mmejenga kwa kudunduliza, tofali kwa tofali, mnataka hela ya kupiga bati upande wa pili, au ada ya mtoto ya Januari. Na ninajua mmechoka na wapangaji wanaotoroka na madeni. Hata hivyo yule kijana anayeleta watu mlangoni kwenu anawafanyia kazi nyinyi. Anawatangazia chumba, anawachujia watu, anawapunguzia usumbufu wa kufungua geti mara ishirini kwa siku. Mpangaji analipa gharama hiyo yote, na hapo hapo anawalipa nyinyi nusu mwaka mbele. Mimi naomba mgawane: nusu ya udalali itoke kwenye kodi mliyopokea, na mwambieni dalali hivyo siku mnayompa chumba. Mkimlipa nyinyi, mtakuwa na haki ya kumwuliza alimwambia nini mpangaji kuhusu maji, na mpangaji naye atajua wa kumwuliza ni nani. Mmoja wenu akianza Tabata, na mpangaji wake akakaa miaka mitano bila ugomvi, wa jirani atakuja kuuliza ilikuwaje.